Mnaoanza kujitolea kwenye afya ya akili ya watoto huku Mtwara, someni hapa kwanza

Naona mwaka huu wapya mko wengi, karibuni sana, ila kabla hamjabeba maspika na mabango ngoja niwape kidogo nilichookota miaka sita ya kuzunguka vijiji vya Tandahimba na Newala, na kingi nimekiokota kwa kuharibu.

Kwanza kalenda. Siku ya Afya ya Akili Duniani ni tarehe 10 Oktoba, sawa, lakini Oktoba huku ni korosho jamani. Mwaka wangu wa kwanza tulifunga turubai, tukakodi spika, tukatundika bango AFYA YA AKILI KWA WATOTO, wakaja mwenyekiti, mabalozi wawili wa nyumba kumi na kijana mmoja aliyeuliza kama kuna posho, wengine wote wako chini ya mikorosho wanaokota na watoto wao wako nao hukohuko. Afu lile bango lenyewe ndo lilitumaliza, mama mmoja anapita kamvuta mwanae mkono, "twende, hapo pa vichaa". Toka siku ile neno akili silitangulizi kabisa. Nasema tunakuja kuongea malezi, mtoto asiyelala, mtoto aliyeacha kuongea ghafla, aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani sasa kaanza upya. Hapo utaona mtu anasogeza mkeka.

Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, inatufaa zaidi, korosho bado. Ila Juni mpaka Julai shule zikifungwa kuna jando na unyago, usishindane navyo, we nenda mapema kwa makungwi ukae chini uongee nao kwa heshima, wanasikilizwa kuliko wewe na makaratasi yako.

Namba nazo mzitumie kwa akili. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, ukilisoma hivyo watu wanapiga makofi wanaenda zao. Waambie darasa la sita lenye watoto 70 hao ni kumi, uone wanavyoanza kuangaliana.

Sasa kosa langu kubwa. Niliwahi kuuliza mbele ya watoto wote, "nani ana jambo linalomuumiza nyumbani?" Binti mmoja akasimama akasema. Kesho yake wenzake wanamwimbia njia nzima, na nyumbani kachapwa kwa kutoa siri. Mi nilidhani nimefanya kazi nzuri kumbe nimemwachia mtoto mzigo nikapanda bodaboda nikaondoka. Msiulize hadharani, kamwe.

Ndo tukahamia kwenye michezo, mpira, rede, bao. Siku moja bao letu likapungukiwa kete, bao linataka 64, watoto wakakimbia kuleta korosho mbichi za kuzibia, ila kuna kadogo kana kopo la maziwa limejaa korosho na kakagoma kutoa hata moja. Bibi yake alishamchapa akidhani anaiba za kuuza. Nikacheza naye tu, siku tatu sijauliza kitu, ya nne akaniambia mwenyewe, kila siku ambayo mama hajarudi kutoka Dar anaweka moja. Tulizihesabu pamoja, 41. Bibi aliposikia alikaa kimya muda mrefu, afu akaomba simu apige kwa mwanae.

Si kila jambo linaisha kwa simu lakini. Kabla hujaenda kijijini hakikisha una namba ya afisa ustawi wa jamii na ya dawati la jinsia na watoto polisi, watoto wenyewe wafundishe 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, ni bure kupiga. Mwenye kuanguka kifafa usigombane na familia inayosema mapepo, na mganga usimtukane, waombe tu dawa za hospitali ziende sambamba, na ikibidi kufika Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza mapema nani atalipa nauli maana hapo ndo safari nyingi zinafia, familia imekubali kila kitu afu hela ya basi hakuna.

Na mkija kwetu njooni na komwe zenu, zile kete za korosho panya wamezimaliza.