Corolla inagoma kuwaka ikiwa ya moto

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla ya 1996, injini 5A-FE. Asubuhi inawaka mara moja tu, ila nikishaendesha kama saa zima kwenye jua nikazima niingie dukani, nikirudi stata inazungusha vizuri kabisa lakini haiwaki, nakaa dakika 30 au 40 injini ipoe ndo inawaka kama haikuwa na kitu. Fundi wangu kashabadilisha plagi, pampu ya mafuta na juzi betri, hela imeisha na tatizo liko palepale. Nisaidie, ndo ninayopelekea watoto shule. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hiyo betri imenisikitisha, maana stata ikishazungusha kwa nguvu zake za kawaida, mara nyingi betri haina kosa. Shida ni kwamba ukifika gereji gari imeshapoa na inawaka, kwa hiyo fundi anabaki kukisia na wewe unalipia. Gari hii inatakiwa ipimwe palepale inapogoma, tembea na plagi moja ya akiba na kipande cha waya.

Ikigoma tu, anza na cheche. Chomoa soketi za injekta (zinazopuliza petroli ndani ya injini) zote 4 ili petroli isimwagike ndani bure, lakini fyuzi iliyoandikwa EFI usiiguse kwa sababu ukiitoa kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inakufa na cheche hutaziona hata kama zipo. Chomoa waya mmoja wa plagi, ivishe ile plagi ya akiba, ilaze mwili wake uguse chuma cha injini, mbali na harufu yoyote ya petroli, usiishike kwa mkono, halafu mtu apige stata. Cheche nzima ni ya bluu na inalia tak tak. Kama hakuna kitu au ni kanyekundu kadhaifu, basi pampu ulibadilisha bure, ubovu uko kwenye mfumo wa kutoa cheche.

Hapo mimi namshuku koili kwanza, ndiyo inayokuza umeme wa betri uwe cheche. Kwenye nyingi za Corolla hizi koili imo ndani ya distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi), inapikwa na joto la injini miaka yote hiyo, waya wake mwembamba wa ndani ukipata moto unaachia na ukipoa unashika tena, ndo maana ukisubiri inawaka. Igniter, kifaa kinachoiwasha na kuizima koili, nayo ina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo koili ipimwe kwa multimita (kipima umeme) ikiwa ya moto, ikiwa baridi itakudanganya. Na ukinunua ya mtumba usiondoke dukani kwanza, ifungwe, uendeshe mpaka ipate moto, uzime, uwashe tena.

Cheche zikiwepo, rudishia soketi zote uhamie kwenye mafuta. Kuna kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC, fungua kifuniko, unganisha tundu la FP na la +B kwa ule waya, weka swichi on bila kupiga stata, sikiliza kwenye tenki. Pampu ikilia hapo na gari ikawaka, kumbe inayochoka kwa joto ni rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, au waya wake.

Ukikuta cheche zipo, pampu inalia na bado haiwaki, toa plagi moja palepale uiangalie, halafu niandikie kama ilikuwa kavu au imelowa petroli.