Bangili inatetema hata kwenye uwanja mtupu

SWALI: Nimemtengenezea baba mdogo, ambaye haoni, bangili ya kumwonya kuhusu vizuizi: Arduino Nano (bodi ndogo ya kuprogramu), kihisi cha HC-SR04 kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, na mota ya mtetemo ya volti 3, niliyoiunga moja kwa moja kwenye pini ya 9. Uwanjani, mbele hamna kitu, inatetema kwa nguvu zote. Mara nyingine bodi inajizima na kuwaka upya. Ikitengemaa, anaweza kuacha fimbo? – R., Dodoma

JIBU: Una makosa mawili. La kwanza ni la programu. Mwangwi usiporudi kwa wakati, pulseIn, amri inayopima muda wa mwangwi kwa mikrosekunde, hutoa sifuri. Ukiigawa kwa 58 kupata sentimita unabaki na sifuri, na bangili inadhani ukuta umegusa pua. Weka sharti: jibu likiwa sifuri au likizidi sentimita 200, mota inyamaze. Subiri mwangwi kwa mikrosekunde 25,000, kisha pumzisha kihisi milisekunde 60 kabla ya kupima tena, la sivyo mwangwi wa zamani utasomwa kama mpya.

La pili ni umeme. Pini ya Nano ibebe miliampea 20 tu. Mota hiyo hula kama 80, na zaidi inapoanza kuzunguka. Ndiyo maana bodi inazimika. Mota ichukue umeme kwenye laini ya 5V kupitia rezista ya ohm 22, iwashwe na transista 2N2222, inayofanya kazi kama swichi, yenye rezista ya kiloohm 1 kati ya pini ya 9 na besi, mguu wake wa kuiwasha. Dayodi 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ikae sambamba na mota, mstari wake upande wa chanya. Kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya 5V na grandi (GND, upande wa hasi) itatuliza mishtuko ya umeme.

Kihisi kihamishie kifuani, maana mkono unaotembea hupima ardhi na mapaja. Bangilini ibaki mota. Usitegemee nguvu ya mtetemo kueleza umbali, ngozi huizoea upesi. Badilisha mapigo: moja kwa sekunde kizuizi kikiwa mita 2, matatu mita 1, mfululizo nusu mita. Pazia na nguo nzito humeza sauti, na ukuta wa mshazari huirusha pembeni, kwa hiyo kihisi kinaweza kukosa kuviona.

Fimbo asiiache hata kidogo. Kifaa hiki hakijui shimo, mtaro wala ngazi inayoshuka. Faida yake ni matawi, mabango na madirisha yaliyofunguliwa nje, ambayo fimbo hupita chini yake. Na bangili aivae mkono usioshika fimbo: mkono wa fimbo tayari unasoma mtetemo wa ardhi.