Maswali yenu kuhusu kuosha na kupiga polishi rangi ya gari nyumbani

Maswali ya rangi ya gari yamekua mengi, nimechukua yale yanayojirudia kwa watu wanaoanza.

Kaka habari, gari yangu nyeusi, naiosha kila wiki lakini jua likipiga naona michirizi ya duara kama utando wa buibui. Nimeuziwa gari yenye rangi mbovu?

Hapana, rangi yako haina kosa. Hiyo michirizi iko kwenye magari mengi sana, nyeusi inaianika tu zaidi. Na wala sio duara, ni mikwaruzo midogo imelala kila upande, ila mwanga unaakisi ile tu iliyokaa kuzunguka pale jua linapong'aa, ndo jicho linaona utando. Inaletwa na mchanga unaosuguliwa juu ya rangi, na wanaosugua mara nyingi ni sisi wenyewe siku ya kuosha, kwa hiyo kuosha kila wiki vibaya ni kukwaruza kila wiki.

Badilisha hivi: kwanza maji matupu mengi, vumbi na matope yashuke yenyewe kabla hujagusa kitu. Afu ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji ya kusuuzia, kila ukipitisha kipande kimoja suuza glavu yako ya maikrofaiba, yaani ya nyuzi laini sana, kwenye maji matupu ndo urudi kwenye shampuu. Anza juu kwenye paa ushuke, milango kwa chini na bampa ziwe mwisho maana huko ndo kuna mchanga, na rimu zipate kitambaa chake na ndoo yake kabisa. Fanya kivulini, bodi ikiwa ya baridi, la sivyo sabuni inakaukia juu. Kukausha tumia taulo la maikrofaiba, liweke juu linywe maji, usikandamize na kusugua.

Na kitambaa kikianguka chini, kazi yake siku hiyo imeisha. Mi niliwahi kuokota kilichoanguka nikakikung'uta nikaendelea na boneti niliyokuwa nimeshaipiga polishi, nikachora mistari ambayo ilibidi niirudie boneti yote, iliniuma sana.

Sabuni ya unga au ya vyombo inafaa?

Ya unga hapana, punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Ya vyombo ukiitumia mara moja gari haiharibiki, ila inapunguza waksi uliyopaka, ile ngao ya juu ya rangi. Shampuu ya gari inateleza zaidi, na huo utelezi ndo unaoubeba mchanga bila kuuburuza.

Nimeosha vizuri gari imetakata, lakini nikipitisha mkono nasikia kama msasa. Ni nini hicho?

Ni uchafu ulioganda kwenye rangi, kama chembe za chuma za breki, utomvu wa miti, lami. Sabuni haiutoi. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase gari iliyooshwa, utausikia vizuri zaidi. Dawa yake ni klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi. Unalowesha sehemu kwa kilainishi chake au maji ya shampuu, unapitisha klei taratibu bila kukandamiza mpaka iteleze kimya, unaikunja upate upande msafi unasogea. Ikidondoka chini tupa, usiione huruma, imeshabeba mchanga. Ila jua klei yenyewe inaweza kuacha alama hafifu, ndo maana inafanywa kabla ya polishi na sio kila ukiosha.

Mwalimu, kompaundi, polishi na waksi si ni kitu kimoja?

Sio kitu kimoja, na hapa naomba msome taratibu maana ndo watu wanapoharibu gari. Magari mengi ya siku hizi rangi yake imefunikwa na klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, na unene wake mara nyingi ni kama maikroni 35 mpaka 50 (maikroni 1,000 ni milimita moja), wakati karatasi ya kawaida ya kuandikia ina kama 100. Sasa mkwaruzo ni mfereji kwenye hiyo klia, na kuuondoa maana yake unaila klia ya pembeni mpaka ilingane na mfereji. Kompaundi inakula sana, polishi inakula kidogo na kuacha mng'ao, waksi haili kitu, inakaa juu kama ngao na kuzeeka baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Klia iliyoliwa hairudi, inabidi upige rangi upya.

Kwa hiyo anza na kilicho laini kuliko vyote, jaribu sehemu ya sentimita 50 kwa 50 tu, futa, mulika na tochi. Ikitosha usiongeze nguvu, na mikwaruzo michache ikibaki iache.

Nianze kwa mkono au ninunue mashine, na mashine ipi?

Kwa mkono inawezekana sehemu ndogo, gari zima utachoka na haitalingana. Mashine chukua ile inayozunguka huku inatikisika, hiyo inasamehe. Ile inayozunguka tu inapandisha joto haraka na mtu mgeni anaweza kuunguza rangi, hasa kwenye kona na kingo ambako klia ni nyembamba. Bandika tepu kwenye kingo na sehemu za plastiki, weka polishi matone manne ya ukubwa wa njegere kwenye sponji ya mashine, sambaza kwanza ndo uwashe, tembea polepole ukipishana wima na mlalo, na sponji isafishe kila ukimaliza sehemu. Sponji ikianza kutoa rangi ya gari na gari yako ina klia, simama hapo hapo, klia imeisha.

Mkwaruzo unaokwama ukucha unatoka kwa polishi?

Hautoki, umezama mno, ukiulazimisha utaitoboa klia. Huo ni wa kujaziwa rangi.

Gari yangu rangi yake haing'ai, imetoka hivyo kiwandani. Niipige polishi nayo?

Usiiguse dada! Polishi itaacha mabaka yanayong'aa na huwezi kuyarudisha. Osha kwa shampuu ya rangi za aina hiyo basi, na kinyesi cha ndege kikidondoka kiloweshe ukitoe siku hiyo hiyo, kikipigwa jua kinachimba rangi na wewe huna polishi ya kurekebishia.