Batiki ya kufunga na watoto kwenye baridi ya Mbeya

Batiki nyingi za sokoni hutiwa rangi inayochanganywa na kostiki soda na haidro, kemikali kali za kuyeyushia rangi. Mchanganyiko huo unaunguza ngozi na macho, kwa hiyo mtoto asiusogelee kabisa. Kwa kazi ya watoto tafuta rangi inayoshika bila kuchemshwa kwa msaada wa magadi soda (soda ash, siyo baking soda ya mapishi). Procion MX ni ya kundi hilo. Vile vipakiti vya rangi ya kuchemsha ni rahisi kupata, ila fulana itachuja kila ikifuliwa.

Sasa, kushika bila kuchemshwa hakumaanishi kushika kwenye baridi yetu. Rangi hizi zinataka joto la nyuzi 21 za Selsiasi au zaidi kwa saa 24 hivi. Mwezi wa Juni au Julai, Mbeya au Njombe, ndoo iliyolala sakafuni haifiki hapo hata kidogo. Ndiyo maana fulana iliyowaka nyekundu jioni ikisuuzwa kesho yake inatoka waridi iliyopauka, halafu lawama anabebeshwa muuza rangi.

Fulana iwe ya pamba tupu. Mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, inafaa sana, soma lebo tu. Lebo ikiwa imekatwa, kata kipande kidogo cha kitambaa ndani ya pindo ukichome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama kidonge. Uzi wa mshono mara nyingi ni poliesta, utabaki mweupe. Fua kwanza, hasa fulana mpya, kwa sababu wanga wa kiwandani unazuia rangi.

Watoto wafunge fulana ikiwa na unyevu kidogo, kabla ya magadi, ili mikono yao isiyaguse. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinabana kuliko kamba. Mdogo wa miaka minne mpe maharage: anafunga punje moja moja ndani ya kitambaa, na kila punje inaacha duara. Mkubwa anaweza kuisokota fulana kutoka katikati hadi iwe kama chapati, kisha aifunge mara tatu.

Mtu mzima, akiwa na glovu, ayeyushe gramu 60 za magadi soda ya unga kwa kila lita ya maji vuguvugu. Atumie ndoo ya plastiki, maana magadi yanakula sufuria ya alumini. Magadi ya mawe ya kuchemshia maharage yaache jikoni: yana uchafu na nguvu yake haipimiki. Fulana zilowe nusu saa, kisha zikamuliwe sana. Zikibaki zinatiririka, rangi zitakimbiliana.

Unga wa rangi nao uchanganywe na mtu mzima, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, watoto wakiwa nje. Vijiko 4 vya chai kwa nusu lita ya maji vuguvugu, kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kizibo kwa msumari wa moto. Chupa tatu zinatosha fulana tano au sita za watoto. Bluu kando ya njano inazaa kijani kizuri. Zambarau juu ya njano, au nyekundu juu ya kijani, inazaa rangi ya tope. Ile chapati igeuzwe na kutiwa rangi upande wa pili pia, la sivyo katikati patabaki peupe.

Kisha joto. Funga kila fulana kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu ikikauka rangi inaacha kushika. Panga mifuko ndani ya ndoo kuzunguka dumu la lita 5 la maji ya moto, funika blanketi zito, na badilisha maji kabla ya kulala na asubuhi. Usiwashe jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya fulana.

Kesho yake suuza kwa maji baridi kabla hujafungua, fungua, endelea kusuuza hadi maji yaanze kutakata, ndipo ufue kwa maji ya moto na sabuni. Mara mbili tatu za mwanzo zifuliwe peke yake, mbali na shati jeupe la shule.