Kutafiti ushirikiano wa sekta katika afya ya jamii: fuata taarifa na fedha, usihesabu vikao

Mleta mada, umeuliza namna ya kutafiti jinsi sekta zinavyoshirikiana kuboresha afya ya jamii, na unapanga kugawa dodoso kwa wakuu wa idara. Kwa njia hiyo karibu kila mmoja atakujibu kwamba ushirikiano ni mzuri. Chagua kwanza tatizo moja ambalo sekta ya afya haiwezi kulimaliza peke yake.

Kichaa cha mbwa kinafaa sana. Kukata maambukizi kunahitaji kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya idara ya mifugo, lakini nafuu inaonekana hospitalini, kwa kuwa watu wanaohitaji chanjo baada ya kung'atwa hupungua. Anayetoa fedha siye anayepata nafuu, na hapo ndipo mambo hukwama. Kwa hiyo dai bajeti za pande zote mbili mapema. Hati ya makubaliano isiyo na fungu la fedha usiihesabu kuwa ushirikiano.

Katika kila taasisi hoji watu wawili: mkuu, na ofisa anayeifanya kazi yenyewe. Majibu yakipishana usitafute wastani, maana tofauti hiyo nayo ni matokeo. Usiulize "mnashirikiana?" Uliza mambo ya miezi 12 iliyopita: nani alikuletea taarifa ya mbwa aliyeshukiwa, ilifika baada ya siku ngapi, ukachukua hatua gani?

Ukichora mtandao wa mahusiano, yaani mchoro wa taasisi ipi inashirikiana na ipi, tofautisha pale pande mbili zimetajana na pale upande mmoja tu umemtaja mwenzake. Hapa sampuli haitoshi, unahitaji karibu taasisi zote, kwani iliyokosa kujibu huenda ndiyo inayounganisha makundi mawili.

Kwenye mihtasari ya vikao, angalia kama mwakilishi hubadilika kila mara na kama azimio lilelile linarudi bila kutekelezwa. Vibali vya utafiti navyo viombwe mapema. Cha sekta ya afya mara nyingi hakikufungulii mafaili ya mifugo.

Kuwa mwangalifu sana na takwimu za wagonjwa. Sekta zikianza kupeana taarifa vizuri, matukio yanayoripotiwa yanaweza kupanda kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe unashuka. Weka kando yake kiwango cha chanjo ya mbwa na idadi ya sampuli zilizopimwa maabara, ndipo utafsiri.