Shule inajengwa ukutani kwangu, nifanyeje?

SWALI: Anti shikamoo, mi nakaa Tabata, nyuma ya ukuta wangu wanajenga shule ya ghorofa, mixa inaanza kunguruma saa kumi na moja alfajiri, nguo nikianika zinajaa vumbi la simenti na juzi ukuta wa jiko umepata ufa unaingia kidole, fundi nikimuuliza ananiambia kaongee na bosi, bosi mwenyewe simjui!

JIBU: Marahaba, pole mwaya. Huo ufa upige picha leo leo, weka na sarafu pembeni ukubwa uonekane, ukikua piga tena. Jina la kontrakta lisome kwenye kibao cha mradi, halafu nenda serikali ya mtaa na barua, maneno matupu yanasahaulika. Kelele na vumbi wakiendelea peleka malalamiko NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, Sheria ya Mazingira ya 2004 inawapa meno. Kengele shule ikifunguliwa? Hapo sina dawa.