Kabla hujanunua CDI mpya, kagua nyaya

Pikipiki ikizima njiani na plagi ikakosa moto, kijiweni jibu ni moja tu: "CDI hiyo, kaka." Anayekwambia hivyo mara nyingi hajashika hata bisbisi. CDI ni kiboksi kinachoamua plagi itoe moto saa ngapi, nacho kimezibwa, hakifunguliwi wala hakikaguliwi kwa macho, kwa hiyo ni rahisi kukisingizia. Mimi umeme wa pikipiki yangu naushughulikia mwenyewe hapa nyumbani Nyegezi, na msimamo wangu ni huu: usitoe hela dukani kabla hujahakikisha nyaya zinazoingia kwenye hicho kiboksi ni nzima. CDI mpya ukiifunga kwenye nyaya mbovu, utarudi dukani tu.

Na hapa Mwanza nyaya zinateseka. Boda inayobeba samaki kutoka soko la Mwaloni inachuruzikiwa maji ya samaki hadi chini ya siti, na soketi nyingi ziko hukohuko. Akitoka hapo dereva anaipeleka kuoshwa kwa mashine ya presha, maji yanasukumwa hadi ndani ya soketi. Bado mtikisiko wa njia za mawe za kupanda Mabatini na Bugarika. Halafu kuna sisi wenyewe: spika ya muziki, taa kali za mbele, chaja ya simu, vyote vimeungwa kwenye waya uleule unaolisha CDI, kwa kuchuna ganda na kusokota. Fyuzi ikiungua, mtu anaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, maisha yanaendelea mpaka siku waya wenyewe unapoyeyuka.

Kwanza ujue yako ni ya aina gani. Pikipiki nyingi za Kichina za zamani zina CDI inayopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneti, yaani kizalisha umeme kilichomo injini. Hizo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Nyingine, Boxer ikiwemo, CDI yake inalishwa na betri, volti 12. Ukichanganya aina hizi mbili, hata kama soketi zimefanana, unaweza kuichoma mpya palepale, au isitoe moto kabisa.

Kwa ile ya magneti, chomoa kwenye CDI waya wa kuzimia, ule unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo, kisha piga kiki. Moto ukirudi, CDI ni nzima. Swichi au waya wake ndio unapiga shoti kwenye bodi. Kwa ile ya betri, washa swichi upime kama volti 12 zinafika kwenye pini ya CDI. Hapa mita peke yake inaweza kukudanganya: waya ulioshikiliwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha 12 kwenye mita. Tumia balbu ya indiketa, mguu mmoja kwenye pini, mwingine kwenye hasi ya betri. Ikiwaka hafifu au isipowaka kabisa, waya umechoka. Ethi, yaani waya unaoungwa kwenye bodi, nayo ipime hivyohivyo, kwa kuigeuza balbu: mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye pini ya ethi ya CDI.

Ukijaribu moto wa plagi, iweke chuma chake kiguse injini, mbali na tundu lake, maana tundu hilo linatoa mvuke wa petroli. Tenki kama umelifungua, liondoke eneo hilo. Usiache kofia ya plagi ikining'inia hewani huku unapiga kiki, koili ya plagi inaweza kuungua kwa ndani. Wala usishike pini za CDI injini ikizunguka. Ile ya kawaida ndani yake inajaza volti zaidi ya 200 kabla hata hazijafika kwenye koili.

Mahali ninapopashuku kuliko pote ni shingo ya usukani. Pikipiki inayozima ukikata kona na kuwaka ukinyoosha, usiangalie kwingine. Chana ile tepu nyeusi, shika waya mmoja mmoja uukunje taratibu. Mzima una ubishi kidogo. Uliokatika ndani unalegea kama uzi wa kushonea ingawa ganda halina hata mkwaruzo. Chuna hapo utakuta shaba imegeuka unga wa kijani.

Ikithibitika kweli CDI imekufa, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, tena na jina kamili la modeli. Hesabu pini, lakini usiishie hapo. Nilishauziwa moja mjini, soketi ikaingia vizuri kabisa, muuzaji akaniapia kwamba "hizi zote ni moja, bosi". Kupiga kiki, mguu ukarushwa juu nusura goti liteguke. Muda wa kutoa moto haukuwa wa injini ile. Nikairudisha, tukabishana, akabadilisha kwa shingo upande.

Kazi yenyewe haina maajabu. Piga picha kila soketi kwa simu kabla ya kuchomoa. Toa hasi ya betri kwanza, irudishe mwisho. Rangi zisikupe uhakika: kwenye Kichina nyingi kijani ni ethi, lakini Mhindi ana rangi zake, na pikipiki iliyopita kwa mafundi watatu haina rangi tena, ina historia. Waya wa nyumba, ule wa shaba nene moja, usiutumie, mtikisiko utaukata. Chukua waya wa gari wenye nyuzi nyingi, unene usipungue wa awali. Soketi iliyoota kutu ya kijani ikate uweke nyingine. Mimi maungio nayabana kwa koleo kuliko kuyachomelea risasi, kwa sababu risasi inafanya waya kuwa mkavu na unakatika pembeni ya kiungo. Juu navika ule mpira mwembamba unaosinyaa ukipata moto. Kwenye ethi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze nati. Shingoni acha waya ulegee kiasi, kisha zungusha usukani kulia na kushoto uone kama hauvutwi.

Ikiwaka, usishangilie mapema. Vuta mafuta kidogo injini izunguke kwa kasi, upime betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 ni salama. Ikifika 16, zima. Rektifaya, kile kiboksi kinachodhibiti chaji ya betri, imeharibika, na kwa pikipiki ya betri inaweza kuwa ndiyo iliyoua CDI ya kwanza. Ikiwa sawa, ipeleke mlima wa Bugando mpaka injini ichemke, kwa kuwa koili iliyochoka hujificha injini ikiwa baridi. Spika na chaja zirudishe baadaye, kwa waya wao wenyewe kutoka betri, na fyuzi yao wenyewe.